Mchujo wa Zama za Radi

Kila Jumamosi alasiri fundi redio alizima chuma chake cha kulehemu, akakisimamisha kwenye kopo kisiunguze meza, akasukuma pembeni redio za wateja zilizokuwa matumbo nje, kisha akaifuta mashine ya santuri kwa shati kuukuu. Hapo wenzake walijua kwamba kazi imekwisha na mambo ya maana yameanza. Waliingia watatu. Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusahihisha watu, alikalia kiti pekee chenye mgongo. Kinyozi wa duka la jirani alikaa karibu na mlango ili amwone mteja akija, ingawa mteja akija alimwambia arudi kesho. Wa mwisho aliitwa Vidole.

Zamani Vidole alikuwa mpiga ngoma wa Radi. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia havikukunjika, kwa sababu Radi alivibana kwa mlango wa gari, kwa kusudi, siku waliyogombana kama wimbo uende mbio au polepole. Kisa hicho hakuna aliyekisimulia vizuri kuliko Vidole mwenyewe. Akifika kwenye mlio wa mlango wote walicheka, naye alicheka nao.

Jambo walilobishania lilikuwa moja tu: Radi alikuwa bora lini. Radi alipiga muziki wa roki, na alikuwa ametoa albamu nyingi kiasi kwamba nyingine angezikuta sokoni angeuliza ni za nani. Kwa hiyo waliyagawa maisha yake mafungu manne. Zama za Moto zilikuwa za ujana, gitaa likilia kama bati linalokatwa kwa msumeno, na studio ikiachwa haina kiti kizima. Zikafuata Zama Vuguvugu, nyimbo za chini chini, sauti imechoka, gitaa linapigwa kama linaogopa kumwamsha mtu. Kisha Zama za Vinanda, suti nyeupe na kwaya nyuma. Mwisho Zama za Mkongojo, ambamo Radi aliimba ameketi.

Mabishano yalikwenda miaka na mshindi hakupatikana, mpaka Mwalimu alipoleta ubao akachora mistari kama ya kombe la mtaa.

"Tufanye mchujo," alisema. "Tumebishana kama bata bwawani, inatosha. Kila Jumamosi zama moja inatoka. Ushahidi ni nyimbo tu. Umbea na mambo ya nyumbani havihesabiki. Kura zikilingana, mwenye nyimbo ataamua."

"Si tumwite tu aje akae nasi?" Fundi aliuliza. "Nyumba ya tatu kutoka hapa."

"Msanii akiwepo watu wanaona haya kusema kweli."

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema Kinyozi, na hoja ikapita.

Radi wakati huo alikuwa mzee. Aliishi kwa binti yake, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa makamo asiyekuwa na mume wala mtoto, ambaye cherehani yake ilikuwa sebuleni karibu na dirisha. Magoti ya mzee yalikuwa yamegoma. Kila asubuhi binti alimwinua kitandani, akamkalisha, akamvisha soksi, kisha akaenda kukata vitambaa.

Zama za Mkongojo zilitoka Jumamosi ya kwanza bila mtu hata mmoja kuzitetea. Kesho yake Radi aliamka, akaenda uani bila mkongojo, akapiga mswaki akiwa wima. Nywele zake zilikuwa nyeusi isipokuwa pembeni. Binti yake alimtazama, akachukua suruali zake zote akazilegeza kiunoni, kwa kuwa mwili ulikuwa umerudi. Dukani kwa Fundi, santuri za zama zile zilikutwa laini kama sahani za kulia, hazina hata mstari mmoja, na Fundi akaanza kuzitumia kuwekea skrubu. Kinyozi alipoleta habari za nywele, Mwalimu alisema hiyo inaonyesha kwamba kura zilihesabiwa sawasawa.

Mshonaji alifurahi, na isifichwe. Yeyote aliyemwinua baba yake kitandani miaka mingi hivyo angefurahi. Aliwapelekea wale wanne chupa ya chai na kuwaambia asante.

Jumamosi iliyofuata zilitoka Zama za Vinanda. Mwalimu alisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwamba ile kwaya ndiyo maji yenyewe. Kinyozi alitetea wimbo mmoja wa harusi, akashindwa. Asubuhi yake Radi aliamka mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mdogo kuliko binti yake. Alibandika maji jikoni, akaingia chumbani kwa binti bila kubisha, akavuta pazia.

"Amka, utachelewa shule."

"Baba, mimi nina miaka arobaini na tano."

Radi alimtazama vizuri, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Umekua," alisema. "Haya, kanawe uso."

Mama wa mshonaji alikuwa amefariki wakati wa kumzaa. Radi alishuka jukwaani akaja kuzika, na hakurudi. Miaka saba alikaa nyumbani na mtoto, akimfulia, akimsuka, akimpeleka shule, na nyimbo alizotunga jioni mtoto akiwa amelala ndizo hizo mashabiki walizoziita vuguvugu. Baada ya hapo vilikuja vinanda na suti nyeupe, mtoto akapelekwa shule ya bweni, na tangu siku hiyo alimwona baba yake zaidi kwenye mabango kuliko mezani. Kwa hiyo miaka iliyotoka na vinanda hakuililia hata kidogo.

Sasa baba alikuwa amerudi yule wa ile miaka saba. Alimwita Sisimizi, kwa sababu alipokuwa mdogo kila alichookota alikibeba kwenda kukificha kona. Asubuhi alimkalisha kwenye kigoda akamsuka, njia za nywele zikapinda kama zamani, naye hakuzifumua. Walipokwenda kununua nyuzi alimshika mkono kuvuka barabara, akimwambia atazame kulia na kushoto. Mteja mmoja aliyeleta sketi ya mwanawe aliuliza kijana huyu ni nani.

"Baba yangu," mshonaji alijibu.

"Mnafanana," alisema mteja, na akaomba pindo liongezwe kidogo, mtoto anakua.

Siku moja sindano ilimchoma kidole. Tangu aanze ushonaji alikuwa amechomwa mara nyingi, akinyonya damu na kuendelea. Safari hii aliinuka, akamfuata baba yake uani akamnyooshea kidole, naye Radi akakipuliza, akauliza kama bado kinauma. Alisema bado, ili apulizwe tena. Hakuwahi kupata wiki nzuri kuliko hiyo maishani mwake, na alijua kwamba ubaoni zimebaki zama mbili, na moja itatoka Jumamosi.

Akaenda nyumbani kwa Mwalimu kumsihi. Alimkuta akimwagilia maua yake, kila ua kwa zamu, kwa haki.

"Mwalimu, naomba muache. Hapo mlipofika panatosha."

"Mchujo ukishaanza hausimami, dada. Kombe la mtaa halisimami eti kipa ana mgonjwa nyumbani."

"Mgonjwa ndiye mimi. Zikitoka hizi, baba hatanijua."

"Sikatai." Mwalimu aliweka kopo la maji chini, na uso wake ulikuwa wa huruma kabisa. "Lakini nyimbo zenyewe umezisikia? La kuvunda halina ubani. Hata hivyo njoo uzitetee, mlango uko wazi. Ila lete nyimbo, usilete machozi."

Jumamosi alikwenda. Radi alimsindikiza, akambebea mkoba, na alipoambiwa kwamba mwenye nyimbo haingii mpaka aitwe, alikaa kwenye kizingiti cha nje akaanza kuchunguza kamba ya kiatu cha mwanawe, ambacho alimvua akisema kimelegea. Kwa hiyo mshonaji aliingia na kiatu kimoja. Fundi akamwachia kasha la spika alilokuwa amekalia.

Alianza kueleza habari za kusukwa na kupelekwa shule. Mwalimu aligonga ubao kwa chaki. "Mambo ya nyumbani hayo. Taja nyimbo."

Mshonaji alifikiri. Majina ya nyimbo hakuyajua. Alikuwa akizisikia kupitia ukutani, taa imezimwa, na mwisho wake hakuwahi kuufikia.

"Nilikuwa nalala kabla hazijaisha," alisema.

"Hata sisi," alisema Vidole, na wote wakacheka, na Fundi naye alicheka kabla ya kujizuia.

Ndipo mshonaji alipotoa kanda kwenye mfuko wa gauni. Fundi aliipokea, akasafisha kichwa cha mashine ya kanda kwa pamba, akaiweka. Lilisikika beseni likijaa maji. Ikasikika nguo ikisuguliwa, na sauti ya Radi ikiimba kitu kisichokuwa na maneno, polepole, kwa mwendo wa kufua. Kisha sauti ya mtoto ikasema, Baba, sabuni imeingia machoni. Wimbo ukakatika. Maji yakamiminwa, mtu akapuliza, akauliza bado, akajibiwa bado, akapuliza tena. Halafu wimbo ukaendelea palepale ulipoachwa, na nguo ikaendelea kusuguliwa mpaka kanda ikaisha.

Fundi aligeukia ukutani akajifanya kutafuta bisibisi. Kinyozi alitazama sakafu. Vidole alikuwa akigonga goti kwa mkono wake mzima tangu mwanzo.

"Pale alipositisha amepoteza mapigo," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hii ilitoka kwenye albamu gani?"

"Haikutoka. Ni ya nyumbani."

"Basi haikutoka rasmi." Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, maana macho yake yalikuwa mekundu. "Tukianza kuhesabu zisizotoka rasmi, dada, hatutafika mwisho. Kila mtu ana beseni kwao."

Kura zikapigwa. Fundi alinyoosha mkono kwa Zama Vuguvugu bila kueleza. Kinyozi akanyoosha vilevile, na yeye alieleza. Alisema akicheza Zama za Moto dukani mkono wake unaruka, na ameshakata masikio ya watu, wengine wa heshima zao. Zama Vuguvugu hazijamtoa mtu damu.

Vidole alichelewa. Mshonaji aligeuka akamtazama, na kwa sababu yeye peke yake humo ndani alikuwa ameumizwa na Radi wa moto, alimtumaini kuliko wote.

"Wewe mlango wa gari unaujua," alimwambia. "Huyo ndiye unayetaka arudi?"

"Dada yangu, nisikilize." Vidole aliuweka mkono wake mbovu mezani, katikati ya redio. "Kwenye Vuguvugu mimi simo. Alipiga peke yake, hakutaka kelele, alikuwa na wewe. Kwenye Vinanda simo, walileta mashine. Lakini kwenye Moto weka sindano popote utakapo. Mimi nipo, vidole vyote kumi." Akanyanyua mkono uleule.

Mwalimu naye akanyanyua wake kwa Zama za Moto, kama kila mtu alivyojua. Mbili kwa mbili. Akaandika ubaoni, akamtuma Kinyozi mlangoni amwite mwenye nyimbo.

Radi aliingia na kiatu mkononi. Kamba alikuwa ameshaifunga upya. Alipiga goti akamvisha mwanawe, akajaribu kama kidole kinaingia kisiginoni, ndipo akasimama na kuwasalimia. Shikamoo ilimtoka, maana wote wanne walikuwa wakubwa kwake sasa. Mkono wake wa kushoto ulimshika mshonaji mkono, kama walivyokuwa wakivuka barabara.

Mwalimu alimweleza. Hakumficha kitu, akamwambia na kitakachotokea kesho yake. Kisha akamaliza kama alivyozoea kumaliza maswali ya mtihani. "Hatukuulizi maisha. Tunakuuliza nyimbo. Zama za Moto au Zama Vuguvugu, zipi ni bora?"

"Nyimbo tu?"

"Nyimbo tu."

"Baba," alisema mshonaji. "Sema Vuguvugu. Ni neno moja tu."

Radi alimgeukia. Alikuwa na kope nzito za mtu anayelala kidogo. "Hizi za sasa nazitunga mtoto akishalala," alisema. "Nashika gitaa na masikio yangu yako chumbani kwake, nasikiliza kama anakohoa. Wimbo hautungwi hivyo. Mpaka wakati wa kuzirekodi unafika najua ni mbovu, na natoa tu kwa sababu nimeahidi. Zile za mwanzo..." Alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake uliamka. "Zile sijui hata zilitoka wapi."

"Baba, kesho hutanijua. Nitakuwa mama mwenye nyumba tu."

"Sisimizi," alisema Radi taratibu, kama anayemweleza mtoto kwa nini haifai kuchukua kitu cha watu, "wameuliza nyimbo." Na akanyoosha mkono wa kulia juu kwa Zama za Moto, kwa sababu wa kushoto ulikuwa bado umemshika mwanawe.

Mwalimu alifuta mstari mmoja ubaoni. Hakuna aliyeshangilia. Vidole alisema kwamba mtu mkweli hivyo ni wa kuheshimiwa, na wote wakakubali, na ilikuwa kweli.

Jioni ile Radi alimpikia mwanawe, akamwambia anawe miguu, akamfunga kitambaa kichwani nywele zisifumuke. Mshonaji alimshika shati. Akamwambia, baba, umenikosea, na Radi akasema anajua, akamfunika shuka mpaka mabegani, akaenda chumba cha pili. Gitaa lilisikika kidogo kupitia ukutani. Mshonaji alijitahidi asisinzie kabla wimbo haujaisha, na akasinzia.

Asubuhi alikuta kijana jikoni akifungua makabati. Alikuwa mzuri wa sura, mwembamba, na shati lake halikuwa na vifungo. Sufuria tatu zilikuwa sakafuni, na moja ilikuwa imepondeka.

"Mama, hujambo," alisema bila kugeuka. "Chai iko wapi humu? Jana nimelala kwenu, sijui hata nani kanileta."

"Kaa mezani," alisema mshonaji. "Nitakutengenezea."

Aliketi, akaweka miguu juu ya kiti cha pili. Alikunywa chai akaisifu. Aliuliza kama humu ndani kuna gitaa jingine, maana hili alilolikuta limelegezwa nyuzi, sijui na mtu gani mwoga. Mshonaji aliketi upande wa pili wa meza. Alikuwa hajafungua kitambaa chake cha kichwani.

"Una mtoto?" alimwuliza.

"Mimi?" Kijana aliinua nyusi. "Kuna msichana huko anasema ana mimba yangu. Anajisumbua bure. Mimba ni yake."

"Atafariki akijifungua. Mtoto atabaki."

Kijana alipuliza chai yake, akafikiri kidogo, kwa adabu ya mtu aliyepewa kifungua kinywa. "Maskini," alisema. "Sasa huyo mtoto atalelewa na nani?"

"Utamlea wewe. Miaka saba. Utamfulia, utamsuka nywele."

Radi alimtazama yule mama, akaona hatanii, na akacheka. Alicheka kichwa nyuma, meno yote nje, mpaka kikombe kikapinduka na chai ikaenea mezani ikaanza kumdondokea mshonaji magotini. Mlango ulikuwa unabishwa. Walikuwa wale wanne, wamevaa vizuri, na Fundi amebeba gitaa. Mshonaji alichukua kitambaa akapangusa meza, akamwekea chai nyingine, kisha akaenda kuwafungulia.